Kengele Nane: Chapa ya Tezabu ya Winslow Homer na Hesabu ya Kazi ya Baharini

Mnamo mwaka 1887 mchoraji wa Kimarekani Winslow Homer (1836–1910) alitoa chapa kubwa aliyoiita Eight Bells, yaani Kengele Nane. Ndani yake mna mabaharia wawili tu, wamesimama sitahani baada ya dhoruba, wamevaa makoti mazito ya turubai iliyotiwa mafuta na kofia pana zishukazo hadi shingoni. Mmoja ameinua mbele ya jicho lake chombo cha kupimia jua. Mwenziwe ameinamia chake akikisoma. Nyuma yao ni bahari iliyochafuka na mawingu yanayoanza kupasuka. Hamna samaki, hamna wavu, wala hamna ndoana. Hata hivyo chapa hii huhesabiwa pamoja na kazi ambazo Homer alizitunga katika miaka hiyo juu ya maisha ya watu wa bahari ya Atlantiki ya kaskazini, na miongoni mwa kazi hizo ndiyo iliyo ngumu zaidi kusomeka. Mtazamaji asiyeijua lugha ya mabaharia huweza kuisifu kwa dakika nyingi bila ya kutambua kinachotendeka.

Makala haya yanakusudia kuisoma chapa hiyo kama inavyosomwa matini. Litaangaliwa kwanza jina la ufundi uliotumika, kwani Kiswahili bado hakijakubaliana juu yake. Kisha jina la picha. Kisha kitendo chenyewe. Hoja inayotetewa ni kwamba kazi ya baharini iliyochorwa hapa si kazi ya misuli bali ni kazi ya kusoma na kuhesabu, na kwamba jina la picha haliwezi kufasiriwa mpaka hesabu hiyo ieleweke.

Jina la ufundi

Katika maandishi machache ya Kiswahili yanayogusia sanaa ya namna hii, maneno matatu hutumiwa bila ya kubaguliwa: mchoro, nakshi na chapa. Kila moja lina upungufu wake. Mchoro ni neno pana mno. Hujumlisha hata mstari uliopigwa ardhini kwa kijiti. Nakshi nayo humpeleka msikilizaji wa pwani moja kwa moja kwenye milango ya Lamu na Zanzibar, ambako fundi huondoa mti kwa patasi na nyundo, na kila kilichoondoka kimeondoshwa na mkono wake mwenyewe. Chapa ni neno lililo karibu zaidi, lakini lataja matokeo, halitaji njia.

Njia yenyewe ni hii. Fundi huchukua bamba la shaba nyekundu lililosuguliwa hadi likang'aa, akalipasha moto na kulipaka tabaka jembamba la nta iliyochanganywa na ulimbo na lami. Tabaka hilo hutiwa moshi ili liwe jeusi. Likishapoa, huchora juu yake kwa sindano, naye hana haja ya kutumia nguvu, kwani hakwaruzi shaba; anaifunua tu. Baada ya hapo bamba hutiwa ndani ya asidi. Mahali palipofunuliwa asidi huila shaba, na mahali palipositiriwa na nta hubaki salama. Mistari itakiwayo kuwa hafifu hutolewa mapema na kuzibwa kwa vanishi. Ile itakiwayo kuwa mizito hurudishwa ikaliwe tena. Mwishowe nta huondolewa, wino hujazwa katika mifereji iliyolika, uso wa bamba hufutwa, karatasi iliyoloweshwa hulazwa juu yake na vyote viwili hupitishwa katika mtambo wenye magurudumu mazito. Kinachotoka ni kinyume cha kilichochorwa: kulia huwa kushoto na kushoto huwa kulia.

Kiswahili kina neno la zamani la ile asidi kali iliyotumiwa na mafundi wa madini. Neno hilo ni tezabu, lililotoka katika Kiajemi, ambako maana yake ni maji makali. Halisikiki sana siku hizi, kwa kuwa asidi imelisukuma kando madarasani, lakini kamusi zimelihifadhi, na hapana sababu ya kuliacha lipotee ilhali kazi yake ipo. Aidha kitenzi tayari kipo. Mswahili husema kwamba kutu imekula chuma na kwamba chumvi imekula msumari. Husema vivyo hivyo kwamba tezabu imekula shaba. Na hapa pana jambo la kumfurahisha mwanaisimu. Waingereza walipata neno lao la ufundi huu kutoka kwa Waholanzi, nao Waholanzi kutoka kwa Wajerumani, ambao kitenzi chao ätzen ni kauli ya kusababisha ya kitenzi cha kula. Kwa maneno mengine, asili yake ni kulisha. Fundi wa Kijerumani aliilisha asidi yake shaba. Kiswahili, ambacho kauli hiyo ni mali yake ya kila siku, hakihitaji kuazima kitu hapa. Yafaa basi kusema chapa ya tezabu kwa karatasi iliyopigwa, bamba kwa shaba yenyewe, na kulisha kwa kitendo. Ndivyo yatakavyotumika maneno hayo katika makala haya.

Homer alikuwa mtu wa chapa kabla ya kuwa mtu wa rangi. Alizaliwa Boston, na alipokuwa kijana alitumikia uanagenzi katika kiwanda cha kupiga chapa za mawe mjini humo, kazi aliyoichukia kwa jinsi ilivyomfunga. Baadaye alichorea gazeti la Harper's Weekly, ambalo michoro yake ilihamishiwa kwenye vipande vya mti na mafundi wengine. Kwa hiyo alijua tangu mwanzo mashaka ya kazi inayopita mikononi mwa mtu wa pili. Aliporejea kwenye chapa katika miaka ya 1880, hakumpa mtu mwingine sindano. Baina ya 1884 na 1889 alilisha mabamba makubwa manane, mengi yakiwa juu ya bahari na watu wake, na karibu yote yakitokana na picha za rangi alizokwisha kuzitunga.

Nia yake haikuwa ya sanaa peke yake. Chapa zilikuwa zikinunuliwa kwa wingi na watu wa mijini wasioweza kununua picha ya mafuta, na Christian Klackner wa New York alizichapisha chapa za Homer kwa matumaini hayo. Mapato hayakufikia yaliyotarajiwa, na baada ya 1889 Homer aliiacha kazi hiyo. Jambo hili lina maana katika usomaji wa Eight Bells. Chapa hii si zoezi la mtu mwenye wasaa. Ni kazi ya mtu aliyekuwa akitafuta riziki kwa kurudia alichokwisha kukisema, na katika kukirudia akakisema kwa namna nyingine.

Kengele na saa

Tafsiri ya neno kwa neno ya jina Eight Bells ni Kengele Nane, nayo haina kosa la sarufi. Kosa ni kwamba haisemi kitu. Msomaji wa Kiswahili hudhani kuna kengele nane zilizotundikwa mahali fulani, akazitafute katika picha, asizione.

Katika merikebu na majahazi ya nchi za Magharibi siku iligawanywa katika zamu za saa nne. Kila nusu saa ilipotimia, kengele ya chombo iligongwa: mara moja kwa nusu saa ya kwanza, mara mbili kwa ya pili, na kuendelea hadi mara nane, ambapo zamu ilikwisha na watu wengine wakashika kazi. Mapigo hayo yaligongwa mawili mawili ili sikio lisipoteze hesabu. Kwa hiyo kengele haikuwaambia mabaharia ni saa ngapi ya mchana au ya usiku. Iliwaambia kiasi gani cha zamu kimeliwa. Ni saa inayohesabu kazi.

Zamu moja ya jioni ilikatwa vipande viwili vya saa mbili mbili, ili watu wasiwe na zamu ile ile kila siku na walioamka usiku wa manane leo wapate kulala kesho. Hata katika kipande cha pili, hesabu ilipofika mwisho, ziligongwa nane. Ukihesabu kwa saa za Kiswahili, kengele nane husikika saa mbili, saa sita na saa kumi, mchana na usiku, jumla mara sita katika siku nzima. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi tofauti za mifumo ya kuhesabu wakati atapata hapa mfano mzuri: Mwingereza wa nchi kavu huanza hesabu yake usiku wa manane, Mswahili huianza jua lichomozapo na lituapo, na baharia wa Atlantiki huianza kila mara anapoitwa kazini. Yote matatu ni mifumo kamili, na kila mmoja hudhihirisha kile ambacho wenyewe walikiona kuwa mwanzo wa jambo. Kwa karne nyingi baharia huyo aliihesabu hata tarehe kwa namna yake, akaianza siku mpya adhuhuri, kama ambavyo kwa desturi za pwani siku huanza magharibi, na usiku wa Ijumaa ukawa ni ule uitanguliao Ijumaa.

Ikiwa kengele nane husikika mara sita kwa siku, jina la picha lina utata mara sita. Ni kitu gani basi kinachouondoa? Si mwanga wa mbinguni, ambao waweza kuwa wa asubuhi au wa alasiri. Ni vile vyombo viwili mikononi. Mtu hainui chombo cha namna hiyo na kuyakazia macho majira ya mwisho wa zamu ila kwa sababu moja: jua limo mbioni kufika utosini, na yeye anataka kulipima kabla halijaanza kushuka. Picha hulifasiri jina, na jina huifasiri picha, na kila kimoja bila ya kingine hupungukiwa na nusu ya maana yake.

Pana jambo la ndani zaidi. Kwa desturi ya vyombo hivyo, kengele ya adhuhuri haikugongwa kwa kufuata saa ya ukutani. Ofisa aliyekuwa akilipima jua ndiye aliyemwarifu nahodha kwamba mchana umetimia. Nahodha akaamuru iwe hivyo. Ndipo kengele ikagongwa. Saa zilirekebishwa kwa kulifuata jicho, wala jicho halikuzifuata saa. Hivyo basi sauti iliyotajwa na jina haijasikika bado katika wakati unaoonyeshwa na picha. Watu hawa wawili hawajaisikia kengele. Wao ndio wanaoipa ruhusa. Wachambuzi wengine wamelichukua jina kama kwamba latoa habari ya saa tu. Ni heri lichukuliwe kuwa latoa habari ya hukumu itakayotolewa hivi punde.

Kitendo chenyewe

Chombo kilichomo mikononi mwao ni cha jamii ya oktanti na sekstanti. Asili ya jamii hiyo ni uvumbuzi uliofanywa kwenye mwaka 1730 hivi na watu wawili wasiojuana, John Hadley wa Uingereza na Thomas Godfrey wa Philadelphia. Ndani yake mna vioo viwili. Kimoja hukamata sura ya jua na kuirudisha kwenye cha pili, na mpimaji akiusukuma mkono wa chombo huliona jua likishuka mpaka likagusa upeo wa bahari. Pembe iliyopitwa na mkono husomwa kwenye tao lililo chini. Uzuri wa vioo viwili ni kwamba chombo kikiyumba, jua na upeo huyumba pamoja, na kipimo hakiharibiki. Kwa mtu aliyesimama juu ya sitaha inayopanda na kushuka hiyo ni neema kubwa.

Kulipima jua la adhuhuri hakuhitaji haraka bali subira. Mpimaji huanza dakika kadhaa kabla, akalifuata jua linavyopanda, akiusogeza mkono kidogo kidogo. Karibu na utosi jua huonekana limesimama. Kisha, bila ya ishara nyingine, ukingo wake huanza kuzama chini ya mstari wa bahari ndani ya kioo. Hapo ndipo husemwa kwamba limefika. Kimo hicho hutolewa katika digrii 90, na mwelekeo wa jua kwa tarehe hiyo, unaosomwa katika almanaki, hujumlishwa au hutolewa kwa kadiri jua lilivyo kaskazini au kusini ya ikweta. Jibu ndilo latitudo. Siku ambayo jua liko juu ya ikweta, yaani takriban tarehe 21 Machi, mtu aliyepima digrii 45 yuko katika latitudo ya digrii 45. Mwishoni mwa Juni, mtu aliye katika digrii 44 za kaskazini atalipata jua likiwa na kimo cha digrii 67 na nusu, ikiwa amepima vibaya kwa digrii mbili. Kipimo sahihi ni 69 na nusu, na tofauti hiyo ya digrii mbili ni maili 120 za baharini.

Mfano huu haukuchukuliwa ovyo. Mabaharia waliotoka Gloucester na bandari nyingine za Massachusetts kwenda kuvua kwenye Grand Banks, miamba ya chini ya maji iliyo kusini-mashariki ya Newfoundland, walikuwa na kisiwa cha Sable karibu na njia yao. Kisiwa hicho ni mchanga mtupu, chembamba kama mwezi mwandamo, chenye urefu wa kilomita 40 na ushei, na kimelala takriban mashariki kwa magharibi karibu kabisa na digrii 44 za kaskazini. Kiko chini mno hata hakionekani kwa mbali, na ukungu hukifunika mara kwa mara. Zaidi ya vyombo 350 vimeandikwa kuwa viliangamia hapo. Kwa kuwa kimejilaza kando ya mstari wa latitudo, kujua latitudo ndiko kulikomtenga mtu na mchanga wake. Kosa la dakika 10 za pembe ni maili 10 za baharini, yapata kilomita 18 na nusu. Jua likisomwa vibaya kwa unene wa ukucha, chombo chaweza kuwa upande wa pili wa kisiwa.

Hasara za bahari hiyo zilikuwa zikijulikana na kila aliyeishi ufukoni wakati wa Homer. Katika mwaka 1879 pekee wavuvi 249 na vyombo 29 vya Gloucester havikurudi. Wengi wa watu hao walivua kutoka katika vihori vidogo vilivyoteremshwa kutoka jahazi kubwa la milingoti miwili, mtu mmoja au wawili kwa kila kihori. Samaki walipasuliwa na kutiwa chumvi humo humo chomboni, kwa namna isiyo mbali na ile ya ng'onda wa pwani ya Afrika Mashariki. Homer alikichora kihori cha namna hiyo katika picha ya rangi ya 1885, The Fog Warning, ambamo mvuvi aliye peke yake na samaki wake wakubwa hugeuka kulitazama jahazi lililo mbali na ukungu unaoinuka nyuma yake. Picha hiyo huulizwa swali moja: atawahi? Eight Bells, iliyochorwa kwa rangi mwaka uliofuata, huuliza swali la jahazi lenyewe: liko wapi? Mvuvi wa kihori alirudi kwenye jahazi. Jahazi lilirudi kwenye namba.

Neno mvuvi na neno baharia huonekana katika Kiswahili kuwa kazi mbili. Kwenye majahazi hayo zilikuwa kazi za mtu mmoja. Hata nahodha alikuwa mvuvi aliyepanda daraja, na elimu yake ya vipimo mara nyingi ilipatikana sitahani. Hakutegemea jua peke yake. Ukungu ulipofunga, alishusha bildi yenye mafuta ya mnyama chini yake, ikampandishia chembe za sakafu ya bahari, naye akajua kwa rangi na ukali wa mchanga alikuwa juu ya mwamba gani. Riwaya ya Rudyard Kipling ya 1897, Captains Courageous, imempa umaarufu nahodha wa namna hiyo. Ni mtu anayesoma kwa vidole na kwa pua, naye akipata jua husoma kwa macho.

Ni sadfa njema kwamba msamiati wa Kiswahili unazo tayari zana nyingi za kuieleza hali hii: nahodha, rubani, sarahangi, dira, bildi, tezi na omo, joshi na demani. Si ajabu, kwani mabaharia wa Bahari ya Hindi nao walipima mbingu. Wao walitumia kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, kamali, wakipima kimo cha nyota kwa vidole, na mjuzi wa Kiarabu Ahmad ibn Majid aliziandikia njia za pwani hii hadi Sofala katika karne ya kumi na tano. Nyota ya kaskazini, tegemeo lao kubwa, huzama karibu na ikweta, na kwa aliye Mombasa, katika digrii nne za kusini, haionekani. Ikabidi nyota nyingine zichukue nafasi yake. Neno moja tu la kazi ya adhuhuri lililobaki katika vinywa vya watu wengi wa pwani si la mabaharia bali la msikitini: zawali, ile hali ya jua kuuacha utosi, ambayo kwayo wakati wa sala huingia. Mpimaji wa Homer anangoja zawali. Fasiri hiyo ni fupi, tena ni sahihi zaidi kuliko maelezo marefu ya vioo na mikono ya chombo.

Kutoka rangi hadi shaba

Picha ya rangi ya Eight Bells ya 1886 imo katika jumba la sanaa la Addison, mjini Andover, Massachusetts. Ukiilinganisha na chapa ya mwaka mmoja baadaye, tofauti hujitokeza. Katika chapa watu wamesogezwa karibu zaidi na mtazamaji, wakajaza nafasi kubwa ya karatasi, na sehemu za chombo zimepunguzwa. Kilichokuwa mandhari ya sitaha kimekuwa mazungumzo baina ya miili miwili na vyombo viwili. Nguo zao nzito, ambazo kwa rangi zilikuwa giza lililokolea, hapa ni mistari iliyolishwa mara nyingi, mmoja juu ya mwingine, mpaka wino ukasimama kama kitambaa chenyewe. Mbinguni, kinyume chake, mwanga ni karatasi isiyoguswa. Mchoraji wa rangi huweka mwanga. Mchoraji wa tezabu huuacha.

Imekuwa desturi kuziita kazi za namna hii nakala, na kuziweka daraja la chini ya asili yake. Neno hilo latosha kwa chapa zilizofanywa na mafundi waliolipwa kuiga picha za wengine, nazo zilikuwa nyingi katika zama hizo. Halitoshi hapa. Mtungaji anayeirudia kazi yake katika zana nyingine, akachagua upya cha kubakiza na cha kutupa, yuko karibu zaidi na mwandishi anayeifasiri mwenyewe riwaya yake, kama alivyofanya Ngũgĩ wa Thiong'o alipoitoa kwa Kiingereza mwaka 1982 kazi aliyoiandika kwa Kigikuyu mwaka 1980. Hakuna anayeuliza ni ipi kati ya hizo mbili iliyo yake.

Lililopotea katika safari hiyo ni rangi ya bahari, na hasara hiyo si ndogo. Asiyepata kuiona picha ya 1886 hawezi kukisia ubaridi wake. Lililopatikana ni kimya. Nyuso za watu hawa hazitoi habari nyingi. Moja imezuiwa na chombo na nyingine imeinama. Mtu anayesoma huonekana hivyo popote. Ukiyaondoa makoti na kofia, umbile la mwenye kuinama juu ya tao la digrii ni lile la karani juu ya daftari au la mwanachuoni juu ya kitabu, na hapo ndipo ulipo uzito wa chapa hii. Karne ya kumi na tisa ilikuwa na picha chungu nzima za wavuvi wakivuta, wakipiga makasia, wakizama. Homer mwenyewe alitunga kadhaa. Hapa amewachora wakifikiri, na amekataa kuwapamba kwa jambo jingine lolote.

Majina mengine mawili

Tatizo la jina linajitokeza tena katika chapa mbili za 1888, zote zikitokana na muda ambao Homer alikaa Cullercoats, kijiji cha wavuvi kaskazini-mashariki mwa Uingereza, mwaka 1881 na 1882. Ya kwanza ni Perils of the Sea. Wanawake wawili wako mbele, na nyuma yao wanaume wa ufukoni wanaitazama bahari iliyochafuka. Hatari iliyotajwa na jina haionekani. Iko nje ya karatasi, na kinachoonekana ni migongo na shingo za wanaoingoja. Hatari za Baharini ni tafsiri ya kuridhisha, wala haihitaji zaidi.

Ya pili ni ngumu. Wanawake wawili wameketi, mmoja akitengeneza wavu na mwingine akiparaza soksi. Chapa hiyo yaitwa Mending the Tears. Katika maandishi ya Kiingereza neno la mwisho huandikwa sawasawa na neno la machozi, ingawa hutamkwa kwa sauti tofauti. Jicho husoma yote mawili na ulimi hulazimika kuchagua. Mfasiri wa Kiswahili huchagua mapema zaidi, kabla hata ya kufungua kinywa, maana matundu ya wavu na machozi hayana hata herufi za kutosha za kuchanganywa. Kuziba Matundu ndiyo fasiri ya kazi inayoonekana, nayo ndiyo ya kushikwa. Machozi yaachiwe picha, kama yapo. Wanawake wenyewe wameinamia kazi zao na hawaonyeshi dalili ya kulia.

Kwa Eight Bells kuna njia mbili. Ya kwanza ni kufasiri maana na kuandika Zawali Baharini, jina zuri ambalo lingemfikishia msomaji wa pwani kitendo chote kwa maneno mawili. Lakini lingeipoteza zamu, na pamoja nayo lingeipoteza kazi, kwani kengele ya nane ni ya watu waliochoka kabla ya kuwa ya jua. Zaidi ya hayo, mabaharia wa Kiingereza hulitumia neno hilo hilo kwa mwenzao aliyekufa, ambaye husemwa kwamba zamu yake imekwisha, na maana hiyo haikosi kusikika nyuma ya picha iliyochorwa katika miaka ya hasara kubwa. Ya pili ni kubaki na Kengele Nane na kuliambatanisha na maelezo ya mstari mmoja: mwisho wa zamu ya asubuhi, mabaharia wakilipima jua la adhuhuri. Njia hii ya pili ndiyo iliyofuatwa hapa.